Kupeleka Jogoo Singida

Salumu na wenzako wote wa kijiweni, salaam.

Tangu niliposhuka pale stendi, kila ninayekutana naye ana swali moja. Kijana amesoma Kampala miaka mitatu, amerudi, na mkononi ana jogoo. Singida! Mji ambao abiria wa mabasi wanatoa shingo madirishani kugombea kuku wetu. Salumu ulinitania mbele ya watu kwamba mwakani nitakuja na mafuta ya alizeti. Nilicheka pamoja nanyi kwa sababu jibu fupi sikuwa nalo. Jibu refu ndilo hili. Mambo ya tiketi na mihuri nayaruka, hayana utamu.

Jikoni, Kyebando

Safari yangu ya kurudi ilianzia jikoni, kwa hiyo lazima kwanza mlijue jiko lenyewe.

Nilikwenda kusomea ugavi. Vipindi vilikuwa Jumatatu hadi Alhamisi, na chumba nilipanga Kyebando, nyuma ya safu ya maduka. Ijumaa moja, mwezi wa pili tangu nifike, nilikuwa natoka msikitini na kofia yangu kichwani. Mama mmoja mnene, kitambaa kiunoni, akanisimamisha katikati ya njia.

"Ssebo, wewe Musiramu?"

"Ndiyo, mama."

"Kisu unajua?"

Mtu akikuuliza hivyo ugenini, unaanza kutafuta pa kukimbilia. Kumbe hakuwa na ubaya. Alikuwa Nnalongo, maana yake mama wa mapacha, na sikuwahi kusikia mtu akimwita jina lingine. Kazi yake ilikuwa kupika kwenye shughuli za watu: harusi, misiba, na zaidi siku za utambulisho, pale upande wa mume unapokwenda kwa wazazi wa binti kwa kishindo na zawadi. Kule mpishi Mkristo akiwa na shughuli humtafuta Mwislamu achinje, ili mgeni yeyote ale bila wasiwasi. Mchinjaji wake alikuwa amehamia Jinja, na kuku arobaini walikuwa wamefungwa miguu uani wakimsubiri. Nikamwambia mimi natoka Singida. Singida hakuijua, lakini nilipomlaza kuku wa arobaini kabla ya alasiri, aliijua.

"Tanzania," akasema, na kuanzia saa ile hilo ndilo likawa jina langu, "wewe nachinja vizuri. Kuku hapana ria."

Basi nikawa mwanafunzi siku nne na mchinjaji siku tatu. Wenzangu darasani walikuwa wakinikwepa siku ya Jumatatu, wakidai nanuka manyoya, na pengine walikuwa sahihi.

Jikoni tulikuwa wanne wa kudumu. Nnalongo mwenyewe. Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu aliyekuwa anaishi Namuwongo kandokando ya reli, fundi wa kufunga nyama katika majani ya ndizi kabla ya kuipika kwa mvuke. Mimi. Na Babirye, binti wa Nnalongo, mmoja wa wale mapacha. Pacha mwenzake, Kato, alikuwa Uarabuni analinda maghala.

Babirye ndiye aliyenifundisha kupitisha jani la ndizi juu ya moto mpaka lilegee bila kuchanika. Sitaki kuwazungusha: nilimpenda. Nilipenda alivyokuwa anaimba kwa pua akihesabu sahani. Nilimwambia mara moja tu kwamba nyumbani ukoko wa wali tunaugombania, na tangu siku hiyo kila sufuria la wali lilipokwanguliwa, ukoko wangu ulikuwa umefunikwa kwenye bakuli, pembeni. Mnajua ugeni ulivyo. Unaweza kukaa mwaka mzima na watu wazuri, na bado ikifika magharibi moyo unatafuta sauti ya mama yako akifukuza kuku waingie bandani. Lile bakuli la ukoko lilikuwa linanipunguzia machungu kuliko simu zote mlizonipigia.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo nilipojichimbia kaburi kwa mikono yangu.

Ulifika msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa. Kampala nzima ilikuwa inanukia senene wa kukaanga, na jikoni tukajaza beseni. Mimi nilishakula viganja viwili nilipogundua Babirye hagusi. Baba yake mdogo, aliyekuwa amepita kusalimia, akanieleza kwamba baba wa Babirye, Mungu amrehemu, alikuwa wa ukoo wa Nsenene, na mtu hali jina la ukoo wake. Ni mwiko. Babirye angekaa karibu na beseni hadi mwisho wa dunia na asionje hata mguu mmoja.

Ndugu zangu, mimi nimekulia kwetu. Kwetu tunasema binamu nyama ya hamu, na nusu ya ndoa za mtaani mnazijua zilivyofungwa. Katika kichwa changu, kijana akishakuwa ndugu wa nyumba fulani, mlango wa nyumba hiyo umeshafunguka nusu. Nikaona hii ndiyo bahati. Nikanawa mikono, nikasimama mbele ya yule mzee, nikasema kwa sauti: "Na mimi sili tena. Nipeni jina, niwe wa Nsenene."

Jiko lililipuka kwa vigelegele. Mzee akacheka, akanishika kichwa, akaniita Mugalula, jina la ukoo wao. Nnalongo akanikumbatia na mikono yake yenye mafuta. Babirye peke yake hakupiga kigelegele. Aliweka chini mwiko aliokuwa ameushika, akatoka uani, akakaa huko muda mrefu. Nilidhani amezidiwa na furaha.

Nilikaa na ujinga huo karibu mwaka. Siku niliyopiga moyo konde nikamwomba Mama Furaha awe mshenga wangu, aniambie nimlete mama yangu lini aonane na Nnalongo, alikuwa anachambua karanga. Aliacha.

"Kuleta mama yako kufanya nini?"

Nikamweleza. Alicheka kwanza, halafu akaona uso wangu, akaacha kucheka.

"Iddi, mutoto ya mwenzangu," akasema polepole, "miye niko mugeni hapa sawa weye, lakini ile moja nilijua mwezi wa kwanza. Hawa batu habaoane mu ukoo moja. Hata bakutane Ulaya, hata habajuane, bakisikia ukoo ni moja, banaachana. Weye uliomba jina mbele ya batu yote. Ule sasa ni dada yako, njo basi."

Nikamuuliza kama naweza kulirudisha lile jina. Akaniuliza kama naweza kuwatapika wale senene.

Kyebando hadi Luzira

Mchumba wa Babirye alikuja mwaka uliofuata. Ni mwalimu wa hesabu, mtu mpole, ananyoosha shati hadi kwenye kola. Nilijitahidi sana kumchukia. Siku ya kwanza alipokuja jikoni alikunja mikono akaosha masufuria bila kuombwa, nikaona hata hilo nimenyimwa.

Wiki ile niliyomaliza mitihani, Nnalongo aliniita. Utambulisho wa Babirye ungekuwa Jumamosi, nyumbani kwa yule baba mdogo, Luzira. Mimi tayari nilikuwa na tiketi ya Jumapili ya kurudi nyumbani.

"Tanzania, Jumamosi kuna jogoo moja. Hiyo ni ya wewe."

"Nitanoa kisu," nikamjibu.

"Kisu?" Akashika kiuno. "Banange! Hiyo hapana chinja pare. Kato bosi yake nakataa ruhusa. Wewe ndugu yake. Wewe ndiyo muko."

Hapo tena nikaenda kwa Mama Furaha, mwalimu wangu wa mambo yaliyokwisha kuharibika. Akanieleza kwamba muko ni kaka wa binti anayeozwa. Katika utambulisho mume huleta vitu vya kila aina, masofa, ng'ombe, vikapu vya nyanya, lakini vyote hivyo havimalizi shughuli. Kinachomaliza ni jogoo mmoja. Bwana harusi anampa kaka wa binti jogoo huyo, mkono kwa mkono, na kaka akishampokea, binti ametoka. Na kaka ni lazima amle. Nnalongo alilisisitiza jambo hilo mara tatu: ale kabla ya harusi ya kanisani, la sivyo dada atakaa kwa mume kama mgeni aliyechelewa basi.

Kwa hiyo yule niliyetamani kumtolea mahari, mimi ndiye ningempokelea jogoo wake.

Tuliondoka Kyebando Jumamosi alfajiri na lori la masufuria. Babirye alishatangulia Luzira tangu juzi yake. Nilikaa juu ya magunia ya mkaa, nimekumbatia furushi lenye kanzu ya Kato. Yangu ya Ijumaa ilikataliwa. Ilionekana nyeupe mno, haina ule urembo mwekundu kifuani wanaoupenda wao. Mikono ya Kato ni mirefu. Siku nzima nilikuwa nakunja mikono ya kanzu ya mtu mwingine.

Nilichinja kuku sitini na watano asubuhi, nikaoga, nikavaa, nikaenda kukaa kwenye hema na ndugu wa kiume. Wasemaji wa pande mbili walitaniana mpaka jua likageuka. Mara nikasikia "Mugalula!" na watu wote wakanigeukia. Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama mbele yangu na kikapu. Ndani yake jogoo mwekundu, mkia mweusi unaong'aa, ametulia kuliko mimi.

Nikasimama. Babirye aliletwa na shangazi yake, amevaa gomesi, lile gauni lao refu, la rangi ya zambarau, akapiga magoti kwenye mkeka mbele yangu kama dada anavyomsalimu kaka yake kule. Macho chini. Nilipokea kikapu. Hema zima likapiga makofi, nami nikakikumbatia kama mtu asiyewahi kubeba kuku, mimi ambaye kuku ndiyo kazi yangu.

Walitaka nimle jioni ileile. Nikamwambia Nnalongo ndugu wa kweli huenda kula mbele ya mama yake. Alifurahi mno, akawaeleza wote. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta muda. Maadamu jogoo anapumua, nilijiambia, jambo halijaisha. Ujinga huo, lakini ndio niliopanda nao basi.

Kampala hadi Masaka

Nnalongo alimtuma Babirye anisindikize na chakula cha njiani. Alikuja kituoni amefunga kitambaa kichwani, amebeba bakuli lenye mfuniko, nami nimebeba kikapu. Tulisimama pembeni ya basi kama watu wanaosubiri kuitwa hospitalini. Jogoo akawika. Tukacheka, na kicheko kilipokwisha akasema bila kunitazama:

"Ile siku ya nsenene."

"Naam."

"Kama wewe naniuriza mimi kwanza..." Akanipokeza bakuli. "Mimi nakuambia kula. Kula tu, Iddi."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita Iddi. Nilitaka kumjibu, kondakta akapiga bodi la basi kwa kiganja, watu wakanisukuma ndani. Nilipofika dirishani, alikuwa ameshavuka barabara. Alikuwa anatembea haraka, mkono mmoja umeshika kitambaa kisidondoke.

Kutoka Kampala hadi Kayabwe sikumbuki kitu. Wanasema pale kuna mstari wa ikweta na watu hupiga picha. Mimi niliupita na uso umebandikwa kwenye kioo.

Lukaya ndiko nilikorudiwa na fahamu, na aliyenirudisha ni jogoo. Wauza nyama walilizingira basi na mishikaki na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, wakiwapandisha hadi madirishani. Jogoo wangu alipowaona wenzake katika hali ile alipiga kelele iliyoamsha abiria wote. Jirani yangu kwenye kiti, mama mmoja Mhaya mfanyabiashara wa vitenge, aliyejitambulisha kama Mama Koku, akacheka mpaka akakohoa.

"Baba, huyu kuku wako ameona maiti za jamaa zake. Mfunike macho."

Nilimfunika kwa kofia yangu. Nikafungua bakuli. Nilitegemea kuku kwenye jani la ndizi, na alikuwepo. Chini ya jani, umekunjwa kwa ustadi, kulikuwa na ukoko wa wali, mkavu, wa rangi ya kahawia. Niliula wote, polepole, mpaka Masaka. Mama Koku aliona machozi, akageuza uso akajifanya anaangalia migomba.

Mutukula

Mpakani binadamu wote walipita vizuri. Jogoo ndiye aliyekwama.

Upande wetu, afisa mifugo, mama wa makamo mwenye miwani, alifungua kikapu, akafunga, akafungua tena.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Singida."

Akavua miwani. "Mimi kwetu Iramba. Unapeleka kuku Singida? Kijana, umelala vizuri?"

Alisema kuku hai havuki hivihivi, ugonjwa hauna pasipoti. Akaniketisha kwenye benchi. Nusu saa ikapita, saa ikapita. Basi zima lilikuwa linanisubiri mimi na ndege mmoja. Kondakta alikuja na wazo lake: "Mchinje hapa hapa, kuna mama lishe pale, tumle, twende zetu. Si kuku tu?" Abiria wakaunga mkono. Baba mmoja akasema yeye hata shingo itamtosha. Mtu mwingine akaja na kisu kabisa, akanipa mpini.

Nilikishika. Kilikuwa kizuri, chenye makali. Nimechinja kuku wasiohesabika na kisu kibovu kuliko kile. Nikamrudishia.

"Siwezi. Huyu ni jogoo wa dada yangu."

Neno lile, dada yangu, sikuwa nimewahi kulitamka kwa kinywa changu. Mama Koku alikuwa ameshuka kwenye basi na alilisikia. Akamsogelea yule afisa, akamweleza kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba wenzetu wa upande ule wana jogoo ambaye ni ndoa ya mtu, na ndoa ya mtu haichinjwi stendi. Afisa akarudisha miwani machoni. Akamtoa jogoo, akamkagua macho, akamnusa mdomo, akamgeuza miguu mmoja mmoja kama anayechagua viatu. Kisha akaandika alichoandika.

"Mpeleke," akasema. "Ila usimwambie mtu wa Singida kwamba mimi ndiye niliyemruhusu. Watanicheka."

Nimewaambia ninyi tu.

Bukoba

Tulifika Bukoba kumeshachelewa, basi la kwenda kwetu ni la alfajiri, kwa hiyo nililala kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Jogoo nilimweka bafuni. Saa kumi aliwika, chumba cha jirani wakagonga ukuta, nikawaomba radhi kwa niaba yake.

Stendini nilimkuta tena Mama Koku. Alikuwa amekuja kumsindikiza mdogo wake, na aliponiona alikuja na kikaratasi chenye senene wa moto, msimu ukiwa umepamba.

"Kamata, baba. Njia ni ndefu."

Harufu yao ilinirudisha jikoni Kyebando, siku ile ile. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Mugalula hakuwa anajulikana na mtu hata mmoja pale stendi, na mimi nilikuwa nchini kwangu. Nikasema moyoni: Iddi, kula. Ukila umetoka kwenye ukoo. Yeye mwenyewe amekuambia kula.

Nilichukua mmoja, nikamfikisha mdomoni. Niliona magoti ya Babirye kwenye ule mkeka. Mtu alipiga magoti mbele yangu na kuniamini kuwa kaka yake, na mamia ya watu wakashuhudia. Nitamgeuza yeye kuwa nani nikimla huyu mdudu?

"Nisamehe, mama," nikamwambia, nikimrudisha kwenye kikaratasi. "Mwiko wa ukoo."

"Ukoo gani wewe, Mnyaturu?"

"Wa kupewa," nikasema, na basi likaita.

Kahama hadi Nzega

Hili la Kahama sijamwambia mtu.

Basi la pili lilikuwa na kondakta mkali. Hadi Kahama alinivumilia. Pale tulikula wali na maharage, tukarudi, akasema abiria wapya wamelalamika harufu. Kuku aende chini kwenye buti na mizigo. Nilibisha, nikashindwa. Jua la saa nane la Kahama mnalijua, linachemsha mabati.

Nilihesabu kila kilomita. Nilijiambia pale chini kuna hewa, kuna matundu. Njiani tairi likatoboka, tukakaa karibu saa nzima, na kondakta akakataa kufungua upande ule kwa sababu mizigo ingemwagika. Tulipofika Nzega nilikuwa wa kwanza kuruka. Buti lilipofunguliwa, mvuke ulinipiga usoni kama wa sufuria. Kikapu kilikuwa kimebanwa na gunia. Nilimtoa jogoo, shingo ikaning'inia. Jicho moja lilikuwa nusu wazi.

Mnajua sheria yetu. Kuku akifa mwenyewe ni nyamafu, haliwi. Na jogoo huyu asipoliwa na mimi, basi, kwa maneno ya Nnalongo, ndoa haijakaa. Nilisimama pale na ndege yule mikononi, na Mungu ananisikia, nilifurahi. Kwa muda wa kuhesabu labda kumi, nilifurahi kwa furaha ambayo sikuwa nimeipata miezi mingi. Nisingekuwa nimefanya kosa lolote. Ni jua tu. Ni kondakta tu. Ningempigia simu Nnalongo nimwambie jogoo amekufa njiani, na nani ajuaye yangefuata yapi.

Halafu nikamkumbuka Babirye akivuka barabara haraka, ameshika kitambaa. Alishavuka. Hata huyu ndege angekufa mara mia, yeye alishavuka, na nilichokuwa naombea ni akose raha upande aliko. Nilijiona mtu mdogo sana.

Nikakimbia kwenye bomba la stendi nikagombana na mama aliyekuwa anajaza ndoo. Nilimlowesha kichwa, nikamfungua mdomo kwa kidole nikamdondoshea maji tone kwa tone. Nilikaa chini kwenye kivuli cha kibanda cha soda nikimpepea na kofia, nikimwambia kwa sauti, watu wakinitazama: "Amka, baba. Amka bwana, tunakwenda kumwoza." Basi likapiga honi. Kondakta akaja kunifokea, akanikuta nalia, akachutama akaanza naye kupepea kwa daftari lake.

Mguu mmoja ulipiga teke. Kisha mwingine. Aliponidonoa kidole hadi damu, nilicheka kama mwendawazimu. Kuanzia Nzega hadi Singida alikaa mapajani mwangu, na hakuna abiria aliyelalamika.

Singida

Ninyi mlinipokea stendi mkanicheka. Mama hakucheka. Alimpokea jogoo, akamfunga mguu kwenye mti wa ua, akamwekea mtama. Siku tatu akanitazama ninavyomzunguka. Majogoo yake mengine yalikuwa yanakuja kumjaribu mgeni, nami nayafukuza. Siku ya nne, akipeta mtama, akauliza bila kuinua kichwa:

"Anaitwa nani?"

"Nani, mama?"

"Mwenye jogoo."

Nikamwambia. Nikamwambia yote, tangu kofia na kisu mpaka bomba la Nzega. Alipeta mpaka ungo ukawa mweupe. Kisha akasema, "Mwanangu, nilikutuma ukasome, ukarudi na dada. Si haba, mimi binti sikujaliwa. Ila mtoto wa watu asikae na mguu mmoja nje. Mchinje mwenyewe, usimpe mtu kisu chako."

Ijumaa, baada ya sala, nilimchinja. Nnalongo alikuwa amesema kweli siku ile ya kwanza: hakulia.

Na hapo ndipo ninyi mnapoingia. Mama aliwaita mje mle, mkaja wote. Salumu, ulikula paja ukasifu mchuzi, ukaniuliza kwa nini mwenye nyumba nakula kimya kama niko msibani. Mama alikuwa ameniwekea firigisi kwenye sahani yangu, na nilikuwa naitafuna taratibu nisiimalize. Wengine wenu mlipokuwa mnanawa mikono, nilitoka uani nikamwandikia Babirye neno moja: "Nimekula."

Jibu halikukawia. "Yote?"

Nilichungulia ndani. Salumu ulikuwa unanyonya mfupa wa mwisho.

"Yote," nikamjibu. Na akipiga simu kuuliza, nanyi mwambieni hivyo hivyo, kwa sababu ninyi ndio mashahidi wa ndoa yake.